BS (slaidi ya damu) moja, maswali mawili: kusoma slaidi ya malaria bila kuiacha lukemia ipite

Kandokando ya Ziwa Victoria, homa hupewa jina kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi. Ni malaria. Na mara nyingi ni malaria kweli. Tabu inaanza pale mtoto anaporudi mara ya tatu ndani ya wiki chache: dawa mseto kamaliza, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) bado inaonyesha mistari miwili, wingi wa damu (hemoglobini) umeshuka kutoka 8 hadi 5, na miguu inamuuma hadi hataki kutembea. Anaandikiwa malaria tena, anaongezewa damu, anarudishwa nyumbani. Wamo watoto wa namna hii ambao wana lukemia (saratani ya chembe nyeupe za damu), na dalili ya kwanza ingeonekana kwenye slaidi ambayo haikupigwa, au ilipigwa ikasomwa kwa swali moja tu.

MRDT haina kosa, ila inajibu kile ilichoulizwa. Ile inayotafuta protini ya HRP2 inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, kwa sababu protini huchelewa kutoka kwenye damu. Na katika ukanda wenye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea na lukemia kwa wakati mmoja. Jibu chanya la malaria halifungi mlango wa ugonjwa mwingine wowote. Hadubini ndiyo inayojibu maswali mawili kwa pamoja, yaani kama kuna vimelea na chembe nyeupe zikoje, na vifaa vyake tayari vipo katika vituo vingi vya Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Kinachohitajika zaidi ni utando mwembamba (damu iliyotandazwa kwenye slaidi) uliotengenezwa vizuri na macho yanayotazama chembe nyeupe.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na wa kijana anayetaka kuingia kwenye utafiti wa saratani za damu na magonjwa ya kuambukiza. Kwa eneo letu mambo hayo mawili hayatenganishwi. Mwaka 1958 Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto aliokuwa akiuona Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Na leo inajulikana kwamba kirusi hicho kikikutana na malaria ya mara kwa mara, ndipo limfoma ya Burkitt inapopata nafasi. Anayesoma damu kwenye ufuko wa ziwa hili anasoma vyote viwili kwa pamoja, apende asipende.

Damu ichukuliwe kabla ya matibabu mawili

La kwanza ni kuongezewa damu. Ukiisha kumpa mtoto chupa ya damu, wingi wa damu, umbo la chembe nyekundu na hata idadi ya chembe nyingine vinakuwa mchanganyiko wa watu wawili. Chukua chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau na upige slaidi kabla ya damu kuanza kuingia, hata kama ni usiku na kila mtu anakimbia. Inachukua dakika tano.

La pili ni dawa za jamii ya steroidi, yaani prednisolone, dexamethasone na wenzake. Dawa hizi huua chembe za lukemia za aina ya limfosaiti (aina mojawapo ya chembe nyeupe) haraka sana. Mtoto anapata nafuu, homa inatulia, tezi zinanywea, blasti (chembe changa za lukemia) zinatoweka kwenye damu, kisha baada ya wiki kadhaa ugonjwa unarudi, na safari hii ni mgumu zaidi kuutambua na kuutibu. Ukiona kwenye fomu mgonjwa ameshapewa steroidi, iandike kwenye majibu yako. Daktari wa rufaa anaihitaji habari hiyo kuliko namba nyingi utakazomtumia.

Chupa ya EDTA ijazwe hadi alama yake, kisha igeuzwe juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise. Damu ikizidi, dawa ya kuzuia kuganda haitoshi, vibonge vidogo vinatokea, na mashine itakuambia chembe sahani (zile za kugandisha damu) ni chache wakati zimenaswa kwenye kibonge. Kabla ya kuamini chembe sahani 30,000, chovya kijiti ndani ya chupa uone kama kinatoka na uzi wa damu iliyoganda.

Maji, methanoli na unyevu wa ziwani

Slaidi nyingi mbovu za huku haziharibiwi na mkono wa mpigaji. Zinaharibiwa na maji.

Maji ya kuchanganyia rangi yawe ya distili yaliyowekewa bafa. Kwa malaria, pH iwe 7.2, kwa kusoma chembe nyeupe, pH ya 6.8 ni bora zaidi. Tofauti hiyo ndogo inaonekana wazi chini ya lenzi. pH ikiwa juu kupita kiasi, kila kitu kinakuwa cha bluu na viini vya chembe nyeupe vinaonekana kama wino uliomwagika. Ikiwa chini, chembe nyekundu zinawaka wekundu na viini vinapauka hadi huwezi kuona umbile lake. Ukitumia tembe za bafa, fuata ujazo ulioandikwa kwenye kopo, kisha pima pH. Ikiwa chini, ongeza matone ya myeyusho wa Na₂HPO₄ wa asilimia 2. Ikiwa juu, ongeza KH₂PO₄ wa asilimia hiyohiyo. Maji ya bomba yaache, hata yakiwa meupe pee: klorini na pH yake hubadilika siku hadi siku, na rangi yako itabadilika nayo.

Methanoli nayo inanyonya unyevu wa hewa. Wakati wa masika, chupa ikiachwa wazi juu ya meza asubuhi nzima, mchana tayari ina maji. Matokeo yake ni vitobo vinavyong'aa ndani ya chembe nyekundu ukichezesha fokasi, na msomaji mchanga huvihesabu kama vimelea. Mimina kiasi kidogo kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, tumia siku hiyo, kilichobaki kitupe kwa utaratibu wa taka za kemikali. Usikirudishe kwenye chupa kubwa hata tone.

Jambo la mwisho ni wadudu. Nzi, mende na sisimizi hula damu inayokauka, na jioni wadudu wa ziwani huja kwa makundi kwenye taa. Slaidi zikauke ndani ya kisanduku chenye wavu, au angalau chini ya sinia iliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite.

Kupiga slaidi

Kwa kila mgonjwa wa homa, slaidi moja yenye tone nene na utando mwembamba inatosha. Mikrolita 6 za damu kwa tone nene, zisambazwe hadi upana wa milimita 12. Mikrolita 2 kwa utando mwembamba. Tone nene zuri, likiwa bado bichi, linakuruhusu kusoma maandishi ya gazeti yaliyo chini yake. Usipoyasoma, ni nene mno na litabanduka wakati wa kuosha.

Ila mgonjwa akiwa na lolote kati ya haya, ongeza slaidi mbili za utando mwembamba mtupu, urefu wote, kutoka kwenye chupa ya EDTA: homa iliyorudi baada ya dawa kamili, damu chini ya 7, madoa ya damu chini ya ngozi au fizi zinazotoka damu, maumivu ya mifupa, tezi zilizovimba, uvimbe wa taya au tumbo, bandama kubwa.

Weka tone la damu lenye upana wa milimita 2 hadi 3, sentimita moja kutoka mwisho wa slaidi. Slaidi ya kusukumia iguse tone, damu itambae kwenye ukingo wake, kisha sukuma mbele kwa mwendo mmoja usiokatika, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Utando ufunike theluthi mbili ya slaidi na uishie kwenye ncha nyembamba inayofifia. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa wagonjwa wenye upungufu wa damu: damu yao ni nyepesi, inakimbia, utando unakuwa mwembamba mno na kufika mwisho wa slaidi. Inua pembe na usukume haraka kidogo. Damu ikiwa nzito, shusha pembe na punguza mwendo. Slaidi ya kusukumia yenye ukingo uliomeguka itakuchorea mistari, na chembe nyeupe zote kubwa zitakimbilia kwenye mistari hiyo.

Slaidi za EDTA zipigwe ndani ya saa mbili tangu damu itolewe. Damu iliyolala usiku kucha hudanganya: viini vya chembe nyeupe hukunjana na kugawanyika, monosaiti hutoboka vitobo, na limfosaiti ya kawaida huanza kufanana na blasti. Andika namba ya mgonjwa kwa penseli kwenye ncha ya slaidi. Wino wa kalamu unaondoka na methanoli.

Rangi

Utando mwembamba wa slaidi ya pamoja uchovye kwenye methanoli kwa sekunde moja au mbili tu, ukiwa umeuinamisha ili methanoli wala mvuke wake usifikie tone nene. Tone nene likiguswa, chembe nyekundu haziyeyuki na hutaona kitu. Slaidi za kusomea chembe nyeupe zikae ndani ya methanoli dakika 3 hadi 5.

Giemsa ya asilimia 10 ni mililita 1 ya rangi kwa mililita 9 za maji ya bafa, dakika 8 hadi 10. Ya asilimia 3 ni mililita 3 kwa mililita 97, dakika 30 hadi 45. Inachelewa lakini inatoa picha safi zaidi, na kama una slaidi nyingi za utafiti, itumie hiyo. Usiitikise chupa ya rangi kabla ya kuchota, kwa sababu masimbi yaliyotulia chini yatapanda. Changanya unapotaka kutumia na iliyobaki imwage. Wakati wa kuosha, usianze kwa kuinamisha slaidi: mimina maji taratibu kwenye ukingo ili utando wa rangi unaoelea uondoke juu kwa juu, la sivyo utashuka na kukaa kwenye damu yako.

Ukiwa na rangi ya Leishman, kwa chembe nyeupe ni nzuri sana. Funika utando kwa rangi isiyochanganywa dakika 2, kwani methanoli iliyomo inauganisha, kisha ongeza maji ya bafa ya 6.8 mara mbili ya ujazo wa rangi, changanya kwa kupuliza taratibu kwa pipeti, subiri dakika 8 hadi 10, osha.

Kila chupa mpya ya rangi ijaribiwe kwa slaidi mbili: moja ya mtu mzima wa afya, nyingine yenye vimelea vinavyojulikana. Kama kiini cha nyutrofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) si cha zambarau iliyoiva na chembechembe zake hazionekani, usisome slaidi za wagonjwa siku hiyo mpaka ujue kwa nini.

Kusoma tone nene, na pale hesabu inapovunjika

Anza na tone nene kwa lenzi ya 100 na mafuta. Usitoe jibu la "hakuna vimelea" kabla ya kupitia maeneo 100. Vikionekana, hesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe. Ukifikisha chembe nyeupe 200 ukiwa na vimelea 100 au zaidi, simama. Kama ni chini ya 100, endelea hadi chembe nyeupe 500. Kisha zidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 na ugawe kwa idadi ya chembe nyeupe ulizohesabu.

Hiyo 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe kwa kila mikrolita ya damu. Kwa mtu wa kawaida inakubalika. Kwa mwenye lukemia inavunjika kabisa. Chukua slaidi yenye vimelea 120 kwa chembe nyeupe 200. Kanuni inakupa vimelea 4,800. Kama kweli mgonjwa ana chembe nyeupe 96,000, vimelea vyake ni 57,600, mara 12 ya ulichoandika. Na kama uboho umezidiwa na chembe nyeupe ni 2,000 tu, vimelea ni 1,200. Ukiwa na mashine ya FBP (ya kuhesabu chembe zote za damu), tumia namba yake halisi badala ya 8,000.

Lakini tone nene lenyewe linakuonya kabla ya mashine. Likipigwa kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu, kila eneo la lenzi ya 100 huwa na chembe nyeupe takriban 10 hadi 20. Ukikuta 60, au eneo zima limejaa viini vya zambarau, au ukamaliza chembe 200 ndani ya maeneo mawili, weka kihesabio chini. Ukikuta moja moja kwa kuokoteza, hilo nalo ni onyo. Usijaribu kuzitaja kwa majina kwenye tone nene, maana huko zimesinyaa na kuharibika umbo. Nenda kwenye utando mwembamba.

Wakati uko kwenye tone nene, angalia pia kama chembe nyeupe zimemeza rangi ya kahawia ya malaria. Zikiwa nazo, mgonjwa ametoka kwenye malaria hivi karibuni hata kama vimelea havionekani, na hilo linabadilisha namna daktari atakavyoisoma MRDT. Uzi mwembamba uliojisokota kati ya chembe unaweza kuwa wadudu wa homa ya papasi.

Utando mwembamba: hapa ndipo penye kazi

Anza na lenzi ya 10, zunguka kingo zote na ile ncha inayofifia. Chembe kubwa huburutwa huko wakati wa kusukuma. Anayekaa katikati ya utando tu anaweza kupita blasti zote bila kuziona. Baada ya hapo, rudi mahali ambapo chembe nyekundu zinakaribia kugusana bila kupandana, weka lenzi ya 40, na kadiria: wastani wa chembe nyeupe kwa eneo ukizidisha kwa 2,000 unakupa idadi ya karibu kwa mikrolita. Kwa lenzi ya 100, wastani wa chembe sahani kwa eneo zidisha kwa 15,000. Ni makadirio, lakini yakitofautiana sana na mashine, mojawapo inadanganya na lazima ujue ipi.

Kisha hesabu chembe nyeupe 200 kwa aina zake, ukienda kwa zigizaga. Mtu mzima huwa na nyutrofili asilimia 40 hadi 75 na limfosaiti 20 hadi 45. Mtoto wa chini ya miaka 4 hivi ana limfosaiti nyingi kuliko nyutrofili, na hiyo ni hali yake ya kawaida. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, bila ugonjwa wowote. Msomaji asiyejua mambo haya mawili atatoa rufaa za bure hadi madaktari waache kumsikiliza.

Blasti ni chembe kubwa yenye kiini kinachojaza karibu nafasi yote, na sitoplazimu kidogo ya bluu inayozunguka kama ukanda. Kiini chenyewe ni laini, rangi yake imetandazwa sawasawa bila mabonge, na ndani yake mna duara moja au zaidi zilizopauka: hizo ni nukleoli. Chezesha fokasi polepole uzitafute. Ukiona ndani ya sitoplazimu kijiti chembamba cha zambarau yenye wekundu, hicho ni kijiti cha Auer, na kinakuambia lukemia iko upande wa mieloidi, si wa limfosaiti. Simbi la rangi linaweza kukuchezea hapo, lakini simbi hukaa juu ya chembe, halipo kwenye fokasi moja nayo. Chembe zenye sitoplazimu ya bluu kali iliyojaa vitobo vya mviringo zinaelekeza kwenye Burkitt iliyoingia kwenye damu. Muulize daktari kuhusu taya na tumbo.

Wanaofanana na blasti ni wengi katika eneo lenye maambukizi mengi. Limfosaiti iliyoamshwa na kirusi ni kubwa pia, tena ya kutisha, lakini sitoplazimu yake ni tele, inajikunja ikizikumbatia chembe nyekundu za jirani, na kiini chake kina mabonge. Kipimo kizuri zaidi ni kuutazama umati mzima. Maambukizi huleta kundi mchanganyiko kama abiria wa kivuko, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na sura yake; lukemia huleta kundi la sura moja, chembe baada ya chembe. Kifua kikuu na sepsisi zinaweza kupandisha chembe nyeupe hadi 50,000, zikiwemo changa, lakini nyutrofili zake zina chembechembe nzito zilizoiva na chembe sahani mara nyingi zipo. Katika lukemia kali, chembe sahani huwa zimekwisha, na nyutrofili za kawaida ni za kutafuta.

Zingatia hili zaidi ya yote: takriban nusu ya watoto wenye lukemia ya limfosaiti hugunduliwa wakiwa na chembe nyeupe chini ya 10,000. Namba ya mashine inaweza kuwa 6,000 na blasti zimo. Damu, chembe sahani na nyutrofili vikishuka kwa pamoja, hata chembe nyeupe zikiwa chache, zungusha chupa ya EDTA kwenye sentrifuji, chukua ule utando mweupe mwembamba kati ya utegili (plazima) na chembe nyekundu, upige slaidi. Blasti chache hujikusanya humo.

Bandama kubwa si kichocho kila mara

Visiwani na kwenye mialo ya wavuvi, bandama iliyofika kitovuni huhesabiwa kuwa ni kichocho cha tumbo, au malaria ya miaka mingi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini lukemia ya mieloidi ya muda mrefu hufanya bandama hiyohiyo, kwa mtu mzima ambaye bado anaenda ziwani kila siku na analalamika tu kwamba anashiba haraka na amepungua uzito. Slaidi inawatenganisha kwa muda mfupi. Kichocho kinaweza kukupa eosinofili nyingi, aina nyingine ya chembe nyeupe. Bandama ikishaimeza damu, chembe zote huwa chache. Lukemia hii inakupa chembe nyeupe makumi ya elfu na zaidi, zikiwa za hatua zote kuanzia changa hadi zilizokomaa, pamoja na basofili, aina adimu ya chembe nyeupe. Basofili zikiongezeka, usizipuuze. Maambukizi ya kawaida hayazileti. Ugonjwa huu una vidonge, imatinib na wenzake, vinavyoweza kumrudisha mtu kazini kwa miaka mingi. Inauma sana mtu akipewa praziquantel mara nne kwa ugonjwa wenye dawa nyingine.

Malaria ya muda mrefu ikikuza bandama, nayo inaweza kuongeza limfosaiti kwenye damu hadi zifanane na lukemia ya limfosaiti ya wazee. Hapo slaidi peke yake haitoshi, na uandike hivyo.

Mtego wa mashine

Mashine huweza kuhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kama chembe nyeupe. Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi, na mtoto wa selimundu akiwa na upungufu wa ghafla wa damu hutoa chembe hizo kwa wingi. Mashine inasema 40,000, kila mtu anashtuka. Hesabu kwenye slaidi ni chembe nyekundu zenye kiini ngapi kwa kila chembe nyeupe 100, kisha zidisha namba ya mashine kwa 100 na ugawe kwa 100 jumlisha hizo. Zikiwa 60, basi 40,000 inakuwa 25,000. Mashine zinazogawa chembe nyeupe katika makundi matatu tu, nazo, huzitupa blasti kwenye kapu la "mchanganyiko" au la limfosaiti. Kila alama ya onyo inayotoka kwenye mashine ifuatwe na slaidi.

Kuandika jibu na kutuma sampuli

Usiandike "lukemia". Hilo huthibitishwa kwa uboho na vipimo vingine. Andika ulichokiona: "Chembe nyeupe zimeongezeka. Chembe changa zinazofanana na blasti, takriban 60 kati ya kila 100. Chembe sahani chache sana. Vimelea vya malaria havikuonekana katika maeneo 100. Slaidi ziangaliwe na mtaalamu wa damu leo." Kisha piga simu, usisubiri mtu aje kuchukua karatasi. Chembe nyeupe zikizidi 100,000, mwambie daktari moja kwa moja, kwa sababu damu imekuwa nzito na kuongezewa chembe nyekundu kabla ya kuwasiliana na hospitali ya rufaa kunaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo na mapafu. Mgonjwa anayetoka damu, ambaye chembe zake changa zimejaa chembechembe na vijiti vya Auer kwa mafungu, ni wa kuondoka saa hiyohiyo.

Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja kivuko. Kutoka Ukerewe bado ni safari ya maji. Kwa hiyo tuma slaidi pamoja na damu: mbili zilizopakwa rangi, nne zilizoganishwa kwa methanoli bila rangi, na chupa ya EDTA isiyogusana na barafu. Damu ikichelewa, slaidi ulizopiga ikiwa mbichi ndizo zitakazosema ukweli. Usizifunge kwenye boksi moja na sampuli ya nyama iliyo kwenye formalini. Mvuke wake unaziharibu slaidi, na haziponi tena.

Kutoka rejista hadi utafiti

Mwanza imeshatoa sayansi kubwa kutoka kwenye vituo vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utafiti katika jamii 12 za vijijini ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalitoka mwaka 1995 na yalisomwa dunia nzima. Nguvu yake ilitoka kwenye kulinganisha jamii zilizoboreshewa huduma na zile ambazo bado, na kuwafuatilia watu walewale kwa miaka miwili.

Ongeza safu hizi kwenye rejista yako: umri, kijiji, mara ya ngapi mgonjwa anakuja na homa ndani ya miezi miwili, MRDT, vimelea kwa hesabu, wingi wa damu, chembe nyeupe, chembe sahani, blasti zimeonekana au la, damu au steroidi kabla ya kipimo, alipopelekwa na kilichothibitishwa huko. Safu hiyo ya mwisho hubaki tupu kila mahali, na ndiyo yenye thamani. Piga simu hospitali ya rufaa kila mwezi uijaze. Slaidi zenye mashaka zihifadhi kwenye kisanduku chenye vifuko vya silika, mafuta yakiwa yamefutwa.

Rejista ya huduma si data ya utafiti mpaka upate kibali. Andika pendekezo, lipitie kamati ya maadili ya chuo kikuu cha afya cha CUHAS na Bugando au ile ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kulingana na utafiti wenyewe. Wakiwepo watafiti wa kigeni, kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia; sampuli ikitoka nje ya nchi, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza na swali dogo linalohesabika. Kwa mfano: kati ya watoto waliokuja na homa mara tatu au zaidi ndani ya miezi miwili wakiwa na damu chini ya 7, ni wangapi walipigiwa utando mwembamba na chembe nyeupe zikasomwa? Jibu lake unaweza kulipata kwa rejista, penseli na slaidi za mwaka mmoja.